Kabla Hujainua Gari, Shughulikia Breki

Najua wengi wenu huja hapa kusoma kuhusu programu, seva na ile vita yangu isiyoisha na hifadhidata. Leo mtanivumilia. Tarakilishi nimeiweka kando, kucha zangu zina grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, na nina jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi wapenzi wa magari ya porini, tunaojijengea wenyewe nyumbani wikendi, tunaanza kazi kutoka mwisho. Tunaanza na yanayoonekana: gari liinuliwe, matairi yawe makubwa, taa nne juu ya paa, winchi mbele. Breki, usukani na bolti tunasema tutaziangalia baadaye, pesa ikipatikana. Baadaye hiyo haifiki. Na mimi nasema hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na siku moja nusura nimwue mtoto wa dada yangu.

Nina Suzuki Sierra, ile ndogo ya injini ya 1.3. Niliinunua ikiwa imechoka, nikaipeleka uani Rongai na kuanza kazi. Nilikuwa nimeona picha nyingi mno za magari marefu. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kubadilisha springi ili gari lipande inchi mbili, na kuweka shokabzoba ndefu zaidi. Nilifanya mwenyewe kwa wikendi mbili, nikisaidiwa na fundi mmoja mzee wa jirani. Siku tuliyomaliza nilizunguka gari lile mara kumi nikilitazama. Nilipiga picha. Nilijiona fundi!

Jumamosi iliyofuata nikamchukua mpwa wangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, tukaenda nyuma ya vilima vya Ngong. Tulikuwa tunateremka njia ya mawe, pole pole, gurudumu la mbele la kushoto likaingia kwenye korongo lililochimbwa na mvua. Ekseli ikashuka upande huo kiasi ambacho haikuwahi kushuka na springi za zamani. Nilisikia kitu kama mtu amekata kamba. Nilipokanyaga breki, pedeli ilienda mpaka chini.

Wale mliowahi kukanyaga pedeli isiyo na kitu chini yake mnajua ile baridi inayopita tumboni. Bahati yetu nilikuwa kwenye gia ya kwanza ya nguvu, injini yenyewe ikawa inalishika gari. Nikavuta breki ya mkono, nikaelekeza pua ya gari kwenye ukingo wa udongo na vichaka vya leleshwa. Tulisimama. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, ulifanya makusudi?" Sikumjibu. Nilishuka nikaketi kwenye jiwe.

Mpira wa breki ulikuwa umekatika. Mpira ule ni ule bomba laini unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli, na urefu wake ulikuwa wa springi za kiwandani. Mimi niliipa ekseli nafasi ya kushuka zaidi, na shokabzoba ndefu zikairuhusu kushuka, lakini mpira nikauacha vile vile. Kwa hiyo kitu kilichokuwa kinazuia ekseli isishuke zaidi kilikuwa ni mpira wa breki. Hakuna ubaya wowote wa gari hapo, wala wa aliyeniuzia springi, wala wa yule mzee. Nilimwambia abadilishe springi, akabadilisha springi. Kosa ni langu asilimia mia moja.

Kazini kwangu nina mazoea mazuri. Sibadilishi mambo mawili kwa wakati mmoja, naandika kila nilichogusa, najaribu kabla ya kukabidhi, na siku zote najua njia ya kurudi nilikotoka. Kwenye gari nilisahau yote hayo, ilhali ndipo yanapohitajika zaidi. Programu ikianguka unaiwasha tena, mteja anakutukana, maisha yanaendelea. Gari likianguka hakuna kuliwasha tena.

Basi haya ndiyo maoni yangu, na nitayatetea mbele ya mtu yeyote: gari la porini lijengwe kwa utaratibu huu. Kwanza kusimama. Pili kugeuka. Tatu kuvutwa linapokwama. Nne mwendo. Tano urefu. Urembo uje mwisho. Kila hatua nitaieleza kwa vitendo ili usiseme nimekuhubiria tu.

Lakini kabla ya yote, usalama wako wewe mwenyewe uani. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kamwe! Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Nunua stendi mbili nzito, uziweke mahali pagumu, halafu ulisukume gari kwa mkono kabla hujalala chini. Likicheza, anza upya. Na hayo mawe ya kujengea tunayopenda kuyatumia, zile bloku za simiti, yana tabia mbaya: hayapindi yakakuonya, hupasuka ghafla. Ile jeki ndefu ya porini ya inchi 48 nayo inateleza kwa upepo tu. Ni nzuri ya kutokea kwenye matope, si ya kazi ya uani.

Grainda ndiyo inayonitisha kuliko vyote. Nimewaona vijana wakitoa kile kifuniko cha usalama ili waweke diski ya milimita 230 kwenye grainda ndogo ya milimita 115. Sasa fanya hesabu na mimi. Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa imeandikwa juu yake mwisho wake ni kama 6,600. Ukiifunga kwenye mashine ndogo, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 470 kwa saa, wakati imetengenezwa kustahimili kama 285. Ikipasuka, kipande kinaenda kinakotaka, na mara nyingi kinataka uso. Kifuniko kisiondolewe, miwani ivaliwe, basi.

Kuchomelea nako kuna mambo manne ambayo ningependa ningeambiwa mapema. La kwanza, ondoa waya wa betri kabla hujaanza, la sivyo unaweza kuunguza alternata au kompyuta ya gari kama linayo. La pili, kibano cha ethi kiwekwe karibu na pale unapochomelea, umeme usije ukapita kwenye beringi za magurudumu ukitafuta njia. La tatu, kama umesafisha chuma kwa dawa ya kusafishia breki, hakikisha haina klorini ndani, na hata hivyo iache ikauke kabisa. Dawa yenye klorini ikipigwa na moto wa weldi hutoa gesi ya fosjini, sumu iliyowahi kutumika vitani. La nne, tangi la petroli usiliguse. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki umechanganyika na hewa. Mpelekee mtu anayeijua kazi hiyo. Na miwani ya jua si kinga ya macho ya mchomeleaji, hata kama umemwona fundi akiivaa miaka ishirini. Muulize analalaje usiku.

Haya, turudi kwenye gari. Kwanza ni KUSIMAMA.

Kagua mipira yote ya breki. Ikiwa na nyufa, badilisha. Oili ya breki ibadilishwe yote, na itoke kwenye chupa mpya ambayo haijafunguliwa, kwa maana oili hii hunyonya unyevu wa hewani. Oili ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ukiteremka mlima mrefu breki zikapata moto, oili inachemka, mvuke unaingia kwenye paipu, na pedeli inakuwa sifongo. Unapotoa hewa, kwa magari mengi ya zamani anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie na la karibu. Halafu mtu mmoja akanyage pedeli kwa nguvu zote kwa dakika nzima huku mwingine akiangalia kila kiungo kwa tochi. Pedeli ikishuka pole pole, kazi haijaisha.

Pili, KUGEUKA. Inua mbele, weka stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Kikicheza chochote, tafuta ni beringi, ni boljointi au ni fimbo ya usukani. Mtu mwingine azungushe usukani huku wewe unatazama chini. Matairi makubwa hayaponyi usukani uliolegea, yanauzidishia ugonjwa. Lile gari linalotetemeka mbele kama lina homa ukipita shimo kwa mwendo wa 70, mara nyingi lilikuwa limelegea kabla halijainuliwa.

Tatu, KUVUTWA. Hapa nataka tusikilizane vizuri kwa sababu watu wamekufa. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela si mahali pa kufunga kamba ya kulitoa gari matopeni. Kikikatika huruka kama risasi na hupita kwenye kioo. Tengeneza sehemu za kuvutia mbele na nyuma, zifungwe kwenye chasisi kwa bolti nzuri, si kwenye bampa. Ukitumia winchi ya waya, tupa koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya waya ili ukikatika usiruke juu, na watazamaji wote wakae mbali kuliko urefu wa waya wenyewe. Hii ya watazamaji ndiyo ngumu zaidi. Ukikwama popote Kenya hii, ndani ya dakika tano una kijiji kizima pembeni. Waombe kwa heshima wasogee kabla hujabonyeza kitu.

Nimetaja bolti nzuri. Angalia kichwa cha bolti. Ikiwa imeandikwa 8.8, nambari ya kwanza inakuambia inastahimili kuvutwa kwa takriban megapaskali 800 kabla ya kukatika, na ya pili kwamba huanza kunyooka moja kwa moja ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Ya 10.9 ni ngumu zaidi. Isiyoandikwa kitu usiifunge kwenye springi, usukani, breki au mkanda wa kiti, hata muuzaji akikuapia. Pale Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunakuita Grogan, utapata zote mbili kwenye sanduku moja. Chagua kwa macho yako, usimwachie mwenye duka. Na zile yu-bolti zinazoshika ekseli kwenye springi usizirudie ukishazifungua. Weka mpya, endesha kidogo, halafu uzikaze tena. Nati za magurudumu vivyo hivyo, baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nne, MWENDO. Hapa ndipo matairi yanapoingia, na hapa hesabu husaidia kuliko picha. Chukua tairi la 205/70R15. Ukuta wake ni asilimia 70 ya 205, yaani milimita 143.5. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 15 ambayo ni milimita 381, unapata kimo cha milimita 668. Tairi la 235/75R15 kwa hesabu hiyo hiyo linafika kama 733. Tofauti ni milimita 65, lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo difu inapanda nusu tu, kama milimita 33. Umeingia gharama yote hiyo kupata upana wa vidole viwili chini ya difu.

Na unalipa kwingine pia. Tairi jipya ni kubwa kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo gia zote zimekuwa ndefu kwa kiasi hicho, injini ndogo inaanza kulia mlimani. Saa ya mwendo ikisema 100, wewe uko karibu 110. Breki zako nazo, ambazo hukuzigusa, zimepungukiwa nguvu kwa kiasi hicho hicho kwa sababu gurudumu lina mkono mrefu zaidi wa kushindana nazo. Unaona sasa kwa nini nilisema kusimama kuje kwanza?

Sisemi usinunue matairi makubwa. Nasema kabla hujanunua, jaribu kitu cha karibu bure: punguza upepo. Tairi la psi 30 likishushwa hadi 18 kwenye mchanga au mawe hulala chini, hushika, na hupita mahali ambapo ulidhani unahitaji gari jingine. Gari likiwa jepesi kama Suzuki utashangaa. Sharti ni mbili tu: uendeshe pole, na uwe na pampu ya kujaza kabla hujarudi kwenye lami. Wenzangu wanaonicheka kwa matairi yangu madogo nimewaacha mchangani zaidi ya mara moja (sitataja majina, wanajijua).

Hapa pia niseme juu ya maji. Ekseli ina kijibomba cha kupumulia. Ukiingiza difu yenye moto kwenye mto wa maji baridi, hewa ya ndani hunywea na difu hunyonya maji kupitia kwenye sili. Wiki mbili baadaye unafungua unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Refusha kijibomba hicho kwa mpira hadi juu karibu na injini. Ni kazi ya nusu saa, na wengi hununua bomba la kupumulia injini la kwenye kioo, ghali na la kupendeza, bila kukumbuka hiki kijibomba.

Tano ndipo sasa UREFU. Kumbuka hili: springi ndefu haziinui difu hata milimita moja. Zinainua mwili wa gari tu. Faida yake ni kwamba chasisi haigongi na magurudumu yana nafasi ya kucheza. Hasara ni kwamba uzito wako umepanda, na gari fupi na jembamba huanguka ubavu kwa urahisi. Inchi mbili kwa Suzuki zinatosha mtu mwenye akili. Na usiweke vipande vya chuma kati ya ekseli ya mbele na springi ili kupata urefu wa bei rahisi. Mbele ndiko kunakopokea nguvu ya breki na usukani pamoja, na vipande hivyo vinaweza kuchomoka.

Ukishainua, fanya jaribio ambalo lingeniokoa mimi. Inua gari kwa chasisi mpaka magurudumu yote mawili ya mbele yaning'inie, uweke stendi. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mwisho kulia. Tazama mipira ya breki: je, imelegea bado au imekazika kama uzi wa gitaa? Tazama propela: je, imebakisha chuma cha kutosha ndani ya kiungo chake kinachoteleza? Kisha shusha, pandisha gurudumu moja juu ya magogo mpaka springi ibanwe, uone kama tairi linasugua mpira au paipu yoyote. Rudia nyuma. Ni dakika 15 kwa kila upande. Mimi nilizipata dakika za kupiga picha, hizo 15 nikazikosa.

Umeme ni mwisho, na najua ninyi wenzangu wa tarakilishi ndio mtaukimbilia kwanza. Sheria ni chache. Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na taa, kwa sababu inalinda waya na si balbu. Taa mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9 kwa volti 12, kwa hiyo zipitishe kwenye rilei, usiuunguze mswichi mdogo wa dashibodi. Kila tundu la chuma unalopitisha waya liwe na mpira wake, la sivyo mtikisiko utaula waya mpaka moto utoke. Winchi ikilemewa inaweza kufikia ampea 400. Waya wake uwe mnene, na uwe na swichi ya kuukata kabisa.

Najua kuna watakaonipinga. Nitajibu mambo matatu ninayoyasikia sana.

La kwanza: "Mbona magari ya Rhino Charge ni marefu, yana matairi makubwa na hayana shida?" Ndiyo, na nayapenda. Mashindano yale yalianza 1989 kuchangia ua wa umeme wa kuuzunguka msitu wa Aberdare, na ua huo wa takriban kilomita 400 ulikamilika 2009. Lakini tazama kanuni zake: una saa 10 kufikia vituo 13, na anayeshinda ni aliyevipitia kwa umbali mfupi kuliko wote. Si mashindano ya mbio. Gari linapita bondeni na kwenye jabali moja kwa moja ili kuokoa mita. Mengi ya magari hayo hupelekwa huko juu ya lori, yana kizimba cha chuma ndani, mikanda maalumu, na watu wanaotembea mbele kwa miguu wakipeleleza njia. Lako wewe Jumatatu linaenda kazini kupitia Lang'ata Road. Usiige gari ukaacha utaratibu. Na tukiwa hapo, kizimba cha mabomba ya maji si kizimba. Bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji, si uzito wa gari lililopinduka, na ile zinki iliyopakwa juu yake ukiichomelea hukutia homa usiku.

La pili: "Pesa sina, nianze na ninachoweza." Huyu namwelewa kabisa. Lakini hesabu tena. Mipira minne ya breki, oili mpya na bolti zilizoandikwa ni rahisi kuliko tairi moja kubwa. Mimi nilikuwa na pesa ya springi, kwa hiyo pesa ya mpira nilikuwa nayo. Nilichokosa ni hamu. Mpira wa breki haupigwi picha.

La tatu: "Fundi anajua, mwachie." Mafundi wetu wa jua kali ni hazina, na sitakubali mtu awadharau mbele yangu. Nimemwona mmoja Kariobangi akitengeneza kipande kutoka kwa chuma chakavu kwa masaa mawili, kikakaa miaka. Lakini fundi hufanya ulichomwagiza. Yeye hajui utaenda wapi na gari, utabeba nani, wala ulibadilisha nini mwezi uliopita. Anayejua yote hayo ni wewe. Yule mzee wa jirani nilipomweleza yaliyotupata aliniambia, "Kijana wangu, ungeniambia unataka magurudumu yashuke, ningekuuliza mpira. Uliniambia unataka gari lipande." Hakuwa ananilaumu, alikuwa anasema kweli. Tangu siku hiyo simwambii fundi kitu cha kuweka, namwambia ninachotaka gari lifanye, halafu tunakaa kwenye jerikeni zetu tunaulizana kitakachoharibika.

Na muwe na daftari. Si faili kwenye tarakilishi, daftari la karatasi lenye mafuta. Kila ukigusa kitu andika tarehe, kilomita, ulichobadilisha, bolti gani, na unachotakiwa kukagua tena. Badilisha kitu kimoja, endesha wiki moja, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na gari likaanza kulia, utatafuta mwezi mzima. Daftari hilo hilo litakusaidia siku ya kukaguliwa na NTSA au siku ya kuuza. Ukibadilisha injini, rangi au bodi, mabadiliko hayo yaingizwe kwenye rekodi za gari. Mwambie na mwenye bima yako. Ukimficha, unampa sababu ya kukukataa siku unayomhitaji.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sierra yangu bado ipo. Ina urefu ule ule wa inchi mbili, matairi madogo, mipira mirefu ya breki, na haina taa hata moja juu ya paa. Ukiipita barabarani hutageuka kuitazama mara ya pili. Mpwa wangu sasa amenizidi kimo, na bado tunaenda naye. Kabla sijawasha injini, yeye hunyoosha mguu upande wangu akakanyaga pedeli ya breki mara tatu, kimya kimya, halafu anafunga mkanda. Sikumfundisha hivyo. Alijifunza siku ile kwenye leleshwa.

Basi ndugu yangu, wikendi hii kabla hujafungua mtandao kutafuta springi, lala chini ya gari lako na tochi. Juu ya stendi, si juu ya jeki! Tazama mipira minne. Ukikuta mmoja una ufa, makala hii imefanya kazi yake.

Hayo ndiyo yangu kwa leo. Tukijaliwa, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.